Mwezi wa Kufuga Dredi

Mitihani ya kidato cha nne ikiisha Novemba, saluni yangu hapa Ngarenaro, Arusha, hujaa vijana waliotoka kwenye miaka minne ya upara wa shule. Nywele zao hazijafika hata nusu ukucha, lakini mkono hautoki kichwani. "Shikamoo anti," wanaanza kwa adabu, halafu linakuja swali: ni mwezi gani mzuri wa kuanza dredi? Mmoja ameambiwa kiangazi, eti nywele hukua upesi kwenye joto. Mwingine ameambiwa masika, eti maji ya mvua hulainisha. Wa tatu bibi yake amemwambia asubiri mwezi uandame. Nami huwauliza: "Na kunyoa, unategemea kunyoa lini?" Wanacheka. Wanadhani anti anatania.

Sitanii. Kazi hii naifanya tangu enzi za kanda za kaseti, na kadiri ninavyosoma na kusikiliza habari za nywele ndefu katika nchi zetu, ndivyo ninavyoona kwamba watu wa zamani hawakutazama mawingu kabla ya kuanza kufuga. Walitazama mwisho. Nywele zilikuwa na siku yake ya kukatwa, na mtu wake wa kuzikata, na kuanza kukahesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Kuchagua mwezi kwa ajili ya jua na mvua ni anasa yetu sisi wa saluni.

Aliyenifundisha kusokota hakuwa Rasta. Alikuwa morani aliyelinda usiku duka la jirani, tuliyemwita Yero kama watu wa mjini wanavyowaita Wamasai wote bila kujisumbua kuuliza jina. Asubuhi zamu ikiisha alikaa kwenye ngazi ya saluni akitazama vidole vyangu, hadi siku moja akashindwa kuvumilia. "Dada, unavuta sana. Huyo ataumwa kichwa." Akaomba nimpishe. Mteja, mama wa sokoni asiyetaka mchezo, akakataa katakata kushikwa kichwa na mlinzi mwenye sime kiunoni. Muda si muda alikuwa amesinzia mikononi mwake.

Kwa Wamasai ususi ni kazi ya wanaume vijana. Wanawake hunyoa, wanaofuga ni morani, na morani husukwa na morani mwenzake, kutwa nzima, chini ya mti. Nywele hugawanywa vipande vyembamba, kila kipande kikasokotwa na kuongezewa uzi ili kirefuke, kisha vyote vikapakwa olkaria, yaani ule udongo mwekundu kama ngeu ya fundi seremala, uliochanganywa na mafuta ya mnyama. Za mbele huletwa juu ya paji la uso, za nyuma huachwa zishuke mgongoni na kufungwa pamoja. Wasusi wenzangu hubisha kwamba hizo si dredi kwa sababu hufumuliwa na kusokotwa upya. Wana haki yao. Lakini kwa udongo ule na mafuta yale, akichelewa kufumua, atakuwa nazo akitaka asitake.

Kilichonishangaza katika masimulizi ya Yero ni mpangilio wa kuanza. Mvulana hunyolewa kabla ya tohara. Akishatahiriwa huingia kipindi cha sipolio: huvaa nguo nyeusi, hujichora uso kwa chokaa nyeupe, na nywele huziacha ziote bila kuguswa. Ukisafiri kutoka Arusha kwenda Namanga au Monduli wakati wa likizo za shule utawaona kando ya lami, na siku hizi baadhi yao wanadai pesa ya picha. Kipindi hicho kikiisha hunyolewa tena, na hapo ndipo huwa morani, na hapo ndipo nywele za ukweli zinapoanza. Kwa hiyo wembe umepita mara mbili kabla ya unywele wa kwanza wa kimorani kuota. Nywele zile zina siku ya kuzaliwa inayojulikana na boma zima.

Siku ya mwisho inajulikana pia, ingawa haimo kwenye kalenda ya ukutani. Ni sherehe ya eunoto, ambapo morani wa rika moja hukusanyika na kila mmoja hunyolewa na mama yake, akiwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, kichwa kimelowanishwa kwa maji na maziwa. Wanaume waliojisifu miaka yote kwamba hawaogopi simba hulia pale, wengine hutetemeka hadi wakashikwa na wenzao. Kabla ya siku hiyo morani hana ruhusa ya mambo mengi ya mtu mzima; baada yake anaanza safari ya kuwa mzee. Siku hupangwa na wazee pamoja na laiboni, yaani kiongozi wao wa kiroho, na mbali na mashauri yao kuna sharti ambalo hakuna laiboni awezaye kuliruka: lazima mvua iwe imenyesha, majani yawepo, ng'ombe wawe na maziwa, maana umati wa watu utakula. Ukame ukikaza, eunoto inasubiri, na nywele zinaendelea kurefuka vichwani. Hapo nilielewa kwamba kwao mvua huamua kunyoa. Kufuga kumeamuliwa na rika: Seuri, Makaa, Landisi, Korianga, kila moja kwa zamu yake.

Serikali iliwahi kujaribu kuingilia hesabu hiyo. Mwaka 1967 kuelekea 1968, wakati Umasai wote wa Tanzania ukiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, viongozi wa mkoa waliendesha kampeni iliyoitwa Operesheni Dress-Up. Wamasai walitakiwa kuacha lubega, udongo mwekundu na nywele za kusokota, wavae suruali na magauni kama raia wengine. Waliokaidi walikataliwa kupanda mabasi. Kosa lenyewe lilikuwa nini? Kwamba watalii waliwapiga picha, na taifa changa lilitaka kuonekana limestaarabika. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukaja na Operesheni Vijana, ambayo kuanzia Januari 1969 ilipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana, mikorogo ya kujichubua na mawigi. Mama yangu alikuwa akisuka kwa uzi mweusi pale Kilombero, na hadi anafariki aliiita Operesheni Vijana "mwaka wa neema": wanawake walioficha nywele zao chini ya wigi walimjia kwa mstari. Siasa za kichwani zina namna yake ya kumlipa mtu asiyehusika.

Malipo makubwa zaidi yalikuja baadaye, na yalikwenda kwa wale wale waliokataliwa mabasi. Mifugo ilipopungua kwa ukame na maradhi, na malisho yakazidi kubanwa, vijana wa Kimasai walishuka mijini: Arusha, Dodoma, Dar es Salaam, Unguja. Usiku walilinda, mchana wakagundua kwamba ule ujuzi wa kusokota nywele za mwenzako chini ya mti una bei. Wasusi wa Kimasai wakawa jina kubwa. Mwanamke wa Kariakoo anayetaka yeboyebo zilizokaza bila kumtoa machozi humtafuta Mmasai, na Mmasai huja hadi nyumbani na furushi lake la nyuzi. Babu yake alishushwa kwenye basi kwa sababu ya nywele. Yeye nauli yake inatoka humo humo.

Sasa tuvuke mpaka, kwa sababu dredi wanazozitaka vijana wangu, zile zilizoshika zenyewe bila uzi wala udongo, picha yake ya kwanza maarufu katika Afrika Mashariki ilipigwa Nyeri. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Katika miezi iliyofuata maelfu ya wapiganaji wa Mau Mau waliingia misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Oktoba kule ni mwanzo wa mvua za vuli. Huko juu ni baridi ya mita elfu tatu, mianzi inayodondosha maji usiku kucha, ukungu hadi adhuhuri. Kwa hesabu zangu za saluni huo ni msimu mbaya kuliko yote: hakuna jua la kukaushia, hakuna chanuo, hakuna sabuni, moto wenyewe ni wa kuiba kwa sababu moshi huonekana na ndege za kijeshi. Na bado nywele zilishika. Nywele zetu za kipilipili zikiachwa bila kuchanwa hufanya kazi yake zenyewe. Unywele unaong'oka hauanguki; hunaswa na wenzake na kujifunga nao, na kila siku kichwa cha mtu mzima huachia kati ya 50 na 100. Ndiyo siri yote ya dredi, mengine ni mapambo na bei.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Wakoloni walimpiga picha amelala, mikono imefungwa, nywele zimesokotana pande zote za uso, na picha ile waliisambaza ili watu waone mnyama amenaswa. Tarehe 18 Februari 1957 walimnyonga. Hesabu ni ya kutisha ukiitazama kwa jicho la msusi: nywele za kama miaka minne, zilizoanza mvua za vuli na kukatishwa mvua za vuli. Hizo nywele zilikuwa na maana hata kwa adui. Askari na vibaraka waliotumwa msituni kujifanya Mau Mau walivaa nguo chakavu na mawigi ya nywele ndefu, kwa sababu mtu mwenye kichwa kilichonyolewa vizuri angetambulikana kabla hajafungua mdomo. Na aliyekamatwa akapelekwa kizuizini, kichwa chake kilikuwa kitu cha kwanza kushughulikiwa.

Wapo waliotoka msituni na nywele zao. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha field marshal katika jeshi lile, alitoka baada ya uhuru wa Desemba 1963, na hakunyoa. Alisema atanyoa siku atakapoona matunda ya uhuru waliyoyapigania. Nyumba yake ilikuwa Nyeri, nywele zake zikafika chini ya kiuno, serikali zikabadilika, marais wakaja na kuondoka, ahadi ya ardhi ikabaki ahadi. Hakuna rika lililompangia siku, hakuna mama wa kumketisha juu ya ngozi. Mwisho wa nywele zake ulikuwa mikononi mwa taifa zima, na taifa halikuwa na haraka. Aprili 2022, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, alikubali zikatwe, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza na mama wa rais aliyekuwa madarakani.

Nilitazama kwenye simu, mteja kichwani nusu nusu, na saluni nzima ikagawanyika. Wengine waliona heshima. Wengine walikasirika kwamba mkasi ule ulitoka katika familia iliyonufaika na uhuru kuliko wapiganaji wenyewe, na Wakenya nao walibishana hivyo hivyo kwa siku nyingi. Mimi niko upande wa waliokasirika, ingawa bibi mwenyewe alikubali na kichwa kilikuwa chake. Alifariki Septemba 2023. Takriban miaka 70 alizibeba zile nywele, na ukimuuliza ni msimu gani alioanza, jibu lingekuwa jina la vita.

Kutoka Nyeri habari zinaruka bahari. Marasta wa Jamaika walikuwepo tangu Ras Tafari alipotawazwa kuwa Haile Selassie, Novemba 2, 1930, lakini si wote waliofuga nywele. Watafiti wanabishana zilikotoka dredi zao. Wapo wanaosema picha za Mau Mau kwenye magazeti ya miaka ya 1950 ndizo zilizowasha moto. Wapo wanaosema vijana wa kundi la Youth Black Faith, lililoanzishwa Kingston mwaka 1949, walikuwa wameshaanza kukataa chanuo kabla bunduki hazijalia Nyandarua. Wapo pia wanaokumbusha Wahindi waliopelekwa Jamaika kwa mikataba ya kazi tangu 1845, ambao masadhu wa kwao hufuga nywele zilizosokotana. Mimi naona hakuna haja ya kumchagua mshindi. Picha ya Kimathi ilipofika kule, ilimkuta mtu ambaye tayari ana sababu yake.

Sababu hiyo waliisoma katika Biblia, Kitabu cha Hesabu, sura ya 6, kwenye sheria za mnadhiri. Marasta wanaokuja kwangu, wazee wenye kofia za sufu za rangi tatu, huijua sura hiyo kwa moyo, hasa pale wembe unapokatazwa kupita kichwani. Mimi nililelewa Kilutheri na nimeisoma hadi chini. Mnadhiri akiguswa na msiba wa ghafla karibu naye hunyoa siku ya saba na kuanza upya kuhesabu. Na siku za nadhiri zikitimia hunyoa mlangoni pa hema, na nywele huwekwa kwenye moto ulio chini ya sadaka. Kwa hiyo hata pale, kwenye andiko linalobeba dredi za dunia nzima, nywele zina tarehe ya mwisho. Nilipomwambia hivyo mzee mmoja, alinyamaza, akacheka kwa pua, akasema, "Dada, sisi siku zetu hazijatimia." Sikuwa na la kumjibu, na bado sina.

Dredi zikarudi Afrika kwa njia ya muziki. Bob Marley alizuru Ethiopia mwaka 1978 na kupiga Zimbabwe usiku wa uhuru wao, Aprili 1980, lakini kwetu alifika zaidi kwa kaseti zilizorekodiwa juu ya kaseti hadi sauti ikawa kama inatoka kisimani. Wengine walikuja wenyewe. Marasta kutoka Jamaika na Uingereza walihamia Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980, wakivutwa na Nyerere na sera zake za ukombozi, na mwanahistoria Monique Bedasse amewaandikia kitabu kizima, Jah Kingdom, kilichotoka 2017. Majirani zetu wengine hawakuwa wakarimu hivyo. Malawi ya Kamuzu Banda, mwanamume mgeni mwenye nywele ndefu alikatwa kwanza ndipo akaruhusiwa kuingia. Nchi hiyo hiyo, Mei 2023, Mahakama Kuu iliamuru shule za serikali ziwapokee watoto wa Kirasta na dredi zao. Kenya ilitangulia: Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitamka kwamba Urasta ni dini, na kwamba msichana aliyefukuzwa shule ya sekondari kwa sababu ya dredi alikuwa ameonewa.

Hukumu hizo mbili zimefuta tarehe moja ya kunyoa ambayo hakuna aliyewahi kuiona kama tarehe: siku ya kwanza ya shule. Kwa mtoto wa Rasta wa Nairobi, nywele zinaweza sasa kuanza utotoni na zisikatizwe. Kwetu mambo bado ni ya kizamani, na ndiyo maana Novemba yangu inajaa. Shule hunyoa. Mtoto wa Kitanzania anayetaka dredi anasubiri mtihani wa mwisho kama mvulana wa Kimasai anavyosubiri tohara ipone.

Kidato cha sita nao wana kisa chao. Wanamaliza Mei, wana hamu, wana nywele kidogo walizoficha chini ya pua ya mwalimu wa nidhamu. Wananikimbilia wiki hiyo hiyo. Nawauliza: "Majina ya JKT yametoka?" Tangu mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yarudishwe 2013, wengi wao huitwa kambini katikati ya mwaka, na kambini dredi haina wa kuitetea. Kijana mmoja mrefu alibisha kwamba jina lake halitakuwemo, akalipa, nikamsokotea kichwa kizima kwa chanuo la mkia na jeli. Alirudi Septemba kusalimia, mweusi wa jua, kifua kimepanuka, kichwa kinang'aa. Tukaanza upya, na safari hii hakuomba punguzo.

Waislamu wa mjini, hasa wafanyabiashara wa makamo, wana hesabu nyingine. Anayeweka nia ya kuhiji anajua kwamba Mfunguo Tatu kule Mina atanyoa au atapunguza, na mwezi huo husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kizungu. Mmoja aliniomba nimsokotee akiwa ameshaanza kudunduliza nauli. Nikamwambia dredi na nauli vyote viwili vinachukua miaka kadhaa, visipopishana vitakutana uwanja wa ndege. Akasema hilo ndilo analolitaka, azipeleke zikakatwe huko. Katika wateja wangu wote ndiye aliyenielewa upesi zaidi.

Haya, na hali ya hewa? Ipo, sikatai, na mtu ambaye hana tarehe ya kunyoa anaruhusiwa kuitazama. Kwanza nikanushe habari ya joto kukuza nywele: unywele unapanda kama sentimita moja na robo kwa mwezi, Januari sawa na Julai, na tofauti ikiwepo hutaiona kwa macho. La kutazama ni masika itakukuta ukiwa na dredi ya umri gani.

Dredi changa ni nyembamba na ikilowa hukauka upesi. Adui yake ni kufumuka: jasho, kukuna, kuosha mara kwa mara, kunyeshewa. Dredi nene iliyokwisha kushika haifumuki, ila ikinywa maji katikati na jua likakosekana siku tatu, hutoa harufu ya shati lililokunjwa bichi. Katikati ya hizo mbili kuna umri wa fujo, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, dredi inapovimba, inapochanua, inapotoa vinywele kila upande na mwenye nazo anapoanza kuvaa kofia kanisani. Umri huo ndio unaohitaji kuoshwa vizuri na kuanikwa vizuri. Ukiupeleka kwenye masika ya Arusha, Machi hadi Mei, wakati Mlima Meru haujaonekana wiki nzima, umejitafutia kazi.

Hesabu sasa. Aliyeanza Novemba, mvua kubwa inamkuta kwenye mwezi wa tano, katikati kabisa ya fujo. Wale vijana wangu wa kidato cha nne, kwa maneno mengine, wana mwezi mbaya, na hawana mwingine. Ninawaanzishia hivyo hivyo, nikiwasisitizia sabuni isiyoacha ukoko, nta marufuku kwa sababu hukamata uchafu na haitoki, na draya ya kukaa chini yake siku za mawingu. Aliyeanza Januari anakutana na mvua bado mchanga. Atafumuka hapa na pale, nitarudishia. Septemba na Oktoba vumbi letu la udongo wa volkano, jembamba kuliko unga, huingia ndani ya dredi na kukaa humo kama mpangaji, kwa hiyo anayepanda pikipiki afunge kitambaa. Mimi nikiachiwa kuchagua, nachagua Juni, mvua ikishapita. Baridi hupunguza jasho, kuosha kunapungua, kichwa kinatulia, na masika inayofuata inakuta dredi ina miezi tisa au kumi, imeanza kushikamana. Tatizo la Juni na Julai ni kofia za sufu tu: manyoya yake hujichomeka ndani ya dredi na hayatoki hadi kunyoa. Vaa kitambaa cha pamba chini yake.

Wa Dar na Tanga, Juni yao ni nzuri kuliko yetu: kusi linavuma, joto limeshuka, mvua zimepungua. Wasianze wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, maana jasho la pwani linafumua kazi ya msusi kabla hajahesabu pesa.

Hapa kwetu wapo waongoza watalii na wapagazi wa mlimani ambao husikiliza maelezo haya yote kwa heshima kisha wanakuja Aprili. Mvua inamwagika, wageni hakuna, ndio muda pekee walio nao wa kukaa kwenye kiti saa nne. Wanataka Juni, wageni wakirudi, wawe na kichwa cha kuonekana. Dredi ya miezi miwili haionekani popote. Basi ninawaunganishia za kubandika, zenye urefu wa mgongo, ambazo hazina masika wala kiangazi, na bei yake ni mara tatu.